Frontispice: paji la kitabu ni la nani?



Kama uko katika grupu yetu ya WhatsApp, unajua maneno yenye yalipita pale siku ya posho. Kwa wale wenye hawakuona, mambo iko hivi. Association yetu iko inatayarisha kitabu: mihtasari ya TFC 14 za promosio mbili, kazi zenye tuliandika kwa jasho, tukazitetea mbele ya juri, kisha tukaziacha zinakula vumbi. Mukubwa mumoja, jina lake sitalitaja, amekubali kulipa nakala 300. Sharti lake ni moja tu: picha yake ya rangi, ukurasa muzima, mbele kabisa, ikiangaliana na kichwa cha kitabu. Yaya mumoja wa komite akaandika: «Hakuna shida, tutaiweka kama frontispice.»

Mumoja akauliza: «Frontispice njo nini?» Mwingine akajibu: «Njo page de garde ya bazungu.» Watu wakacheka, vidole gumba vikapanda, mazungumuzo yakageukia bei ya karatasi. Mimi pia nilituma kidole gumba. Ninasema hivyo tangu mwanzo kusudi musifikiri niko najifanya mutu wa haki. Lakini usiku ule neno lilinisumbua, juu nilikuwa nalo na deni la zamani.

Deni lenyewe: katika TFC yangu niliandika «frontispièce». CT mwenye alikuwa ananiongoza akalizungushia bic nyekundu, hakusema kitu. Nikafikiri tatizo ni ile aksenti. Nikaitoa. Akazungusha tena. Mara ya tatu nikafuta neno lote na kuandika «picha ya mwanzo», mambo ikaisha. Njo vile tunafanya: neno likitushinda, tunalifukuza. Sasa limerudi, na mara hii limebeba picha ya Mukubwa mukononi. Nimeona afazali nilisome vizuri kabla hatujachapa.

Neno lenyewe

Frontispice ya Kifaransa ilitoka katika Kilatini cha nyakati za mwisho: frontispicium. Ndani muko maneno mawili. La kwanza ni frons, paji la uso, lenye lilizaa front ya Kifaransa. La pili ni specere, kuangalia. Kwa hiyo frontispicium, ukiifungua, ni kuangalia paji la uso.

Mukia wa neno hilo tunaujua, hata kama hatujui kama tunaujua. Kwenye mialiko yetu tunaandika «sous les auspices de» Mukubwa fulani. Auspices inatoka katika avis, ndege, na specere ileile: makuhani wa Roma waliangalia ndege namna wanaruka kabla ya kuamua mambo ya serikali. Haruspice naye aliangalia matumbo ya wanyama wa sadaka. Maneno haya ni ndugu wa tumbo moja. Yote yanasema kuangalia kitu cha inje kusudi ujue jambo lenye limefichama. Na watu wa zamani waliamini kwamba sura ya mutu inasomeka: ukiangalia paji lake, unajua tabia yake.

Kwa hiyo «pièce» haiko ndani. Hakuna kipande chochote. Waingereza njo wenye walianguka katika shimo lilelile lenye nilianguka mimi: walisikia mwisho wa neno, wakafikiri ni piece yao, kipande cha mbele, na tangu karne ya 17 wanaandika frontispiece. Kosa likaingia katika kamusi, likawa sahihi. Wao walisamehewa, mimi nikapewa bic nyekundu. Lakini CT alikuwa na haki. Mwenye anaandika «kipande cha mbele» anafikiri ni kitu cha kubandika, unaweza kukibandua na kubandika kingine. Mwenye anaandika «kuangalia paji» anajua kama ni sura ya mutu.

Kiswahili kinatusaidia hapa kupita Kifaransa. Fungua kamusi kwenye «kipaji». Utapata maana mbili: paji la uso, na zawadi yenye mutu alizaliwa nayo, ile akili ya kufanya jambo vizuri. Neno moja linabeba paji na talanta. Kwa sababu hiyo, katika maandishi haya nitaita frontispice «paji la kitabu». Mwenye yuko na neno bora alete.

Kwanza ilikuwa ya nyumba

Jambo lenye lilinishangaza ni kwamba frontispice haikuanza katika vitabu. Katika Kifaransa cha karne ya 16 ilikuwa ya nyumba: ule upande mukubwa wa mbele wenye kupambwa, penye mulango wa heshima. Hata leo watu wa architecture wanatumia neno hilo kwa sehemu ya mbele yenye inatokeza na kubeba nguzo.

Mufano mumoja unatosha. Kufika mwaka wa 1550 hivi, Philibert de l'Orme alijenga jumba la Anet kwa ajili ya Diane de Poitiers, mwanamuke mwenye mufalme Henri II alipenda. Kwenye mulango alisimamisha nguzo mbili-mbili kwa ngazi tatu: chini za Doriki, katikati za Ioniki, juu za Korinto. Kila mutu wa elimu wa wakati ule alisoma nguzo zile kama sisi tunasoma grade kwenye bega la askari. Kisha Revolisio ikakuja, jumba likauzwa, sehemu kubwa ikabomolewa. Alexandre Lenoir, mwenye alikuwa anaokoa sanamu na mawe ya zamani, akaleta ile frontispice Paris. Leo iko katika uwanja wa Ecole des Beaux-Arts, imeshikamana na kanisa dogo lenye halikuwa lake.

Fikiria vizuri. Paji liko, nyumba yake haiko tena. Mugeni mwenye hajui historia anasimama pale na kufikiri kwamba nguzo zile ni za kanisa. Paji linaweza kutolewa kwa mwenyewe na kupewa mwingine, na mupita-njia hatajua. Mukumbuke jambo hilo, nitalirudilia.

Namna mulango uliingia ndani ya kitabu

Wachapaji wa karne ya 16 na 17 walikuwa na wazo lenye linaeleweka kwa urahisi: kusoma ni kuingia. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wakauchora kama mulango wa nyumba. Nguzo kushoto, nguzo kuume, juu kipembe cha paa, katikati nafasi wazi yenye kubeba kichwa cha kitabu. Musomaji anafungua jalada, anajikuta mbele ya lango. Wakaanza kuuita ukurasa ule jina la mbele ya nyumba: frontispice. Jina lilihama kwa sababu muchoro ulihama.

Angalia kitabu cha Francis Bacon chenye kilitoka London mwaka wa 1620, Instauratio Magna. Kwenye ukurasa wa kichwa kuko nguzo mbili kubwa, zile za Herkules zenye watu wa zamani walisema ni mwisho wa dunia. Katikati yao meli inapita, matanga yamejaa upepo, inaelekea bahari yenye haijulikani. Hujasoma hata mustari mumoja, lakini umeisha kujua mwandishi anataka nini: mipaka ya elimu ya zamani tuipite. Pale, paji linafanya kazi yake ya kweli. Linasema tabia ya kitabu.

Halafu kukatokea jambo la kiufundi, na ninapenda tulielewe sisi wenye tunazoea paka kubonyeza «imprimer». Herufi za risasi zinasimama juu: wino unakaa kwenye kichwa cha herufi, karatasi inabonyezwa juu yake. Muchoro wa shaba iko kinyume: fundi anachimba mistari ndani ya bamba, anapaka wino, anapangusa juu, wino unabaki katika mifereji, kisha bamba na karatasi yenye kuloweshwa vinapitishwa kati ya magogo mawili kwa nguvu sana. Mashini mbili tofauti, mara nyingi hata mafundi wawili tofauti. Kuchanganya herufi na muchoro kwenye karatasi moja ilikuwa kazi mara mbili. Pole pole wakavitenganisha. Kichwa cha kitabu kikabaki kwa herufi tupu, ukurasa wa kuume. Muchoro ukapewa karatasi yake, upande wa kushoto, unaangaliana na kichwa. Jina la frontispice likafuata muchoro, likaacha kichwa. Njo maana leo neno linamaanisha ile picha ya kushoto.

Kwa hiyo ndugu yetu mwenye alisema «page de garde ya bazungu» alikosa kidogo tu. Page de garde ya TFC yetu, na jina la inchi, la wizara, la chuo, logo, na ule mupaka wa maua wenye tunatafuta ndani ya Word saa saba za usiku, ni mujukuu wa lango lile la zamani. Mupaka ule ni nguzo zenye zilikonda.

Mapaji matatu, na la nne

Sasa ninataka kuangalia mapaji machache kama tunavyoangalia sura ya mutu, tuone kila moja linasema nani yuko na nguvu ndani ya kitabu.

La kwanza wanafunzi wa sayansi za siasa wanalijua, hata wenye hawajasoma kitabu: Leviathan ya Thomas Hobbes, 1651. Muchoro ni wa Abraham Bosse. Jitu lenye taji linatokea nyuma ya milima, upanga mukono mumoja, fimbo ya askofu mukono mwingine. Ukikaribia, unaona mwili wake umefanywa na watu, zaidi ya 300. Na wote wanatupa mugongo. Wanaangalia juu, kwenye kichwa cha mufalme. Sioni hata sura moja ya raia. Walimu wetu wanasema muchoro huu unaonyesha mapatano ya watu wote, na ni kweli. Lakini kwangu unaonyesha pia bei ya mapatano yale: kila mutu ameacha paji lake, limebaki moja tu. Muchoro unasema wazi kitu chenye sura nyingi za kitabu zinaeleza kwa uangalifu. Ni paji la haki, hata kama halipendezi.

La pili ni la padri Marc-Antoine Laugier, Essai sur l'architecture. Chapa ya kwanza, 1753, haikuwa na jina la mwandishi. Chapa ya pili, 1755, ikapata muchoro wa Charles Eisen wenye ulijulikana kupita kitabu chenyewe. Mwanamuke, yeye ni Architecture, ameketi juu ya nguzo zenye kuanguka. Anaonyesha kwa kidole kibanda kati ya miti: miti mine ni nguzo, matawi ni boriti, juu matawi yenye kuinama yanafanya paa lenye pembe tatu. Fundisho: majengo yote mazuri yametoka hapa, turudi kwenye asili.

Ninapenda muchoro ule, lakini siukubali. Tangu lini asili inajenga fronton? Kibanda kile ni hekalu la Ugiriki lenye limevaa majani. Jiko la nkambo wangu kijijini lilikuwa la duara, miti ilikuwa mingi na myembamba, imefungwa kwa kamba za magome, udongo ulishindiliwa katikati. Halikuwa na pembe tatu mbele, na mvua haikulishinda. Padri Laugier na muchoraji wake waliweka mwisho wenye walitaka mahali pa mwanzo, kisha wakasema: mwaona, mwanzo unakubaliana nasi. Hapa paji halisemi tabia ya kitabu tu. Linamaliza mabishano kabla hayajaanza. Mutu anaangalia, anasema «kweli», kisha anasoma akiwa ameisha kukubali. Hiyo ni nguvu kubwa, na njo sababu ninasema si kitu cha kugawia mutu kama soda.

La tatu ni lenye lilinifanya niandike maandishi haya.

Phillis Wheatley alitekwa katika Afrika ya Mangaribi, akafikishwa Boston mwaka wa 1761, mutoto wa miaka saba ao nane. Hata jina lake Phillis lilikuwa la meli yenye ilimubeba. Akajifunza kusoma ndani ya nyumba ya bwana wake, akaandika mashairi. Watu walikataa kuamini. Ilibidi wanaume 18 wakubwa wa Boston, pamoja na gavana, watie sahihi kwamba ni yeye kweli aliandika. Wachapaji wa kule hawakumupokea, kitabu kikachapwa London, mwaka wa 1773.

Kushoto mwa kichwa cha kitabu kuko picha yake. Ameketi kwenye meza, kofia nyeupe, kalamu ya unyoya mukononi, karatasi mbele, chupa ya wino, kitabu kimoja. Mukono mwingine umegusa shavu. Macho yanaangalia juu, yanatafuta neno. Sisi wote tumeketi vile, usiku kabla ya kuweka TFC. Ni mutu mwenye kufikiri, na hakuna mwenye alikuwa amezoea kuona picha ya mwanamuke mweusi vile mbele ya kitabu chake.

Lakini picha iko ndani ya duara, na kwenye duara kuko maandishi. Yanasema ni Phillis Wheatley, mutumishi mweusi wa Bwana John Wheatley, wa Boston. Paji ni lake, mupaka ni wa bwana wake. Jicho linaona mwandishi, kisha linazunguka pembeni na kukuta mwenye mali. Ninaona vita ndani ya karatasi moja: katikati kalamu inasema «ninafikiri», pembeni herufi zinasema «yeye ni wangu». Aliachiliwa huru kisha kitabu kutoka, akafa mwaka wa 1784 akiwa masikini.

Na sasa jambo lenye lilinipiga. Kitabu kile kilitolewa kwa heshima ya mwanamuke tajiri wa Uingereza, Countess wa Huntingdon. Jina lake liko katika maneno ya kutoa kitabu. Angeweza kuomba picha yake mwenyewe iwekwe mbele, kusingekuwa mutu wa kumukatalia. Lakini yeye njo mwenye aliomba picha ya Phillis iwekwe kama frontispice. Sisemi alikuwa malaika: alirizi watumwa huko Georgia na hakuwaacha huru. Pia, picha ya mwandishi mweusi ilisaidia kuuza. Lakini jambo moja alielewa. Paji ni la mwenye kitabu. Jina la mwenye anasaidia liko na ukurasa wake, na ukurasa ule haukuwa huu.

La nne nitalisema kwa ufupi. Olaudah Equiano alijikomboa kwa makuta yake mwenyewe mwaka wa 1766. Mwaka wa 1789 akachapa historia ya maisha yake London, kwa mupango wenye wengi kati yetu tungeita leo likelemba: wasomaji walilipa mbele, majina yao yakapangwa katika liste ndani ya kitabu. Hakuna bwana mumoja mwenye alilipa vyote. Angalia sasa paji lake. Amevaa kama bwana wa London, Biblia iko mukononi, imefunguliwa kwenye Matendo ya Mitume 4:12, na yeye anatuangalia moja kwa moja machoni. Kichwa cha kitabu pale kuume kinaongeza kwamba aliandika yeye mwenyewe. Kati ya picha ya 1773 na ya 1789 kuko miaka 16. Tofauti kubwa haiko kwenye kipaji. Iko kwenye swali la nani alilipa, na alilipa namna gani.

Turudi kwetu

Ninajua kile yaya wa komite atanijibu, juu ameisha kunijibu kwa simu: «Mudogo wangu, hizo ni falsafa. Bila huyu mutu kitabu hakitoki. Utalipa wewe?» Ni swali la haki, sitalikimbia. Karatasi ni franka, wino ni franka, na watu 14 wenye kazi zao ziko ndani, wengine bado wanatafuta kazi. Kwao, kitabu chenye jina lao ni kitu cha kushika mukononi siku ya kwenda kuomba nafasi. Nikiharibu mupango kwa sababu ya neno la Kilatini, nitakuwa na aibu.

Tena Mukubwa hakutenda ubaya wowote. Aliomba kitu chenye kila mutu anamupa kila siku. Sisi wenyewe tunaweka picha za wakubwa kwenye kalenda, kwenye bitambaa vya sikukuu, kwenye banderole ya kolasio. Alifikiri kitabu ni kalenda ingine. Mwenye alipaswa kumueleza tofauti ni sisi, sisi wenye diplome. Na hatukumueleza, juu sisi pia hatukujua neno.

Tofauti ni hii. Kalenda inaisha Desemba. Kitabu kitakaa katika bibliotheke ya chuo, na siku moja mwanafunzi mwenye hajazaliwa atakifungua. Hatatujua. Ataangalia kushoto kabla ya kusoma kuume, kama jicho linavyofanya. Ataona sura ya mutu mumoja, kisha kichwa cha kitabu. Atafanya hesabu nyepesi: huyu njo mwandishi, ao huyu njo mwenye. Na wale 14 watakuwa kama wale 300 wa Hobbes, migongo ndani ya mwili wa mwingine. Ao itakuwa kama Anet: paji la nyumba moja limeshikamana na nyumba ingine, na wapita-njia hawatajua. Hakutakuwa mutu pale wa kusimama na kueleza.

Kwa hiyo ninaleta mapendekezo matatu, yenye nimeisha kuyaandikia komite pia.

Kwanza, Mukubwa apate ukurasa wake wa shukrani, mwanzoni, kabla ya utangulizi, na jina lake lote, kazi yake, na hesabu ya nakala zenye alilipa. Tuandike vizuri, kwa heshima, si mustari mumoja wa haraka. Hiyo ni kweli na inadumu, na hakuna mutu atafikiri kwamba aliandika TFC ya mutu.

Pili, paji liwe la kazi. Nilifikiri picha ya wote 14, lakini wawili wako mbali na mumoja, munajua, alituacha mwaka jana kabla ya kuona diplome yake. Tuko na picha moja yenye ilipigwa ndani ya sale ya kusomea, siku umeme ulikatika: meza ndefu, tochi za simu, karatasi, mikono inaandika. Sura hazionekani vizuri, lakini mikono inaonekana, na kati ya mikono ile kuko wake. Mimi ningeweka ile.

Tatu, kama Mukubwa atakataa, tufanye kama Equiano: nakala chache, karatasi ya bei ndogo, kila mumoja analipa zake mbele, na majina ya wenye walilipa tunayapanga mwishoni kwa alfabeti. Nakala 60 za kweli zinanitosha. Mimi ninaandikisha tatu leo.

Siku ya kwanza pengine Mukubwa atakasirika. Lakini sijaona bado mutu mwenye alienda kumueleza kwa upole. Tumekaa tunamuogopa kwenye WhatsApp, na yeye hayuko hata ndani ya grupu. Yaya wa komite, kama unasoma, ninaweza kukusindikiza. Tutamuonyesha picha ya Phillis, na tutamuambia nani aliomba iwekwe pale.

Na CT wangu, kama maandishi haya yanakufikia: ni frontispice, na c, bila pièce. Nimeelewa sasa. Asante kwa ile bic.

Bandugu, komite inakutana siku ya posho yenye inakuja. Semeni mawazo yenu mbele ya pale, na wenye wanaandikisha nakala waniandikie.